Fundi wa Kiatu Kimoja: Leprekoni na Watoto Wetu

(Mhadhara kwa wazazi na watoto wanaozungumza Kiswahili mjini Dublin, Jumamosi ya kuelekea tarehe 17 Machi)

Wazazi wenzangu, hamjambo. Assalaam alaikum, na Bwana asifiwe. Watoto mliokaa hapa mbele kwenye mkeka, shikamoo zenu nimezisikia, marahaba. Waliosimama mlangoni wasogee, viti vipo huku kushoto, na chai iko nyuma kwenye chupa. Mtu asione haya kuinuka kujimiminia.

Kila mwaka ukiingia mwezi wa Machi simu yangu haipumziki. Mzazi ananiuliza, "Mwalimu, mtoto ameambiwa alete boksi tupu la viatu, atengeneze mtego wa leprekoni. Huyo leprekoni ni nani? Ni jini? Nimruhusu au nimkataze?" Mwingine anauliza kama ni jambo la kanisani, kwa kuwa linakuja bega kwa bega na sikukuu ya Mtakatifu Patrick, tarehe 17. Mwaka jana baba mmoja aliniambia mwanawe alirudi nyumbani analia. Wenzake walimfinya mkono kwa sababu hakuvaa nguo ya kijani. Haya si maswali madogo. Tunalea watoto katika nchi ya watu, na mtoto anayekulia katika nchi ana haki ya kuzipata hadithi zake kama wenyewe walivyosimuliana kando ya moto. Anachokipata dukani ni kofia ya plastiki na ndevu za kubandika. Leo nataka tumpe kilichokuwepo kabla ya kofia ile.

Leprekoni ni kiumbe mdogo wa hadithi za Waayalandi. Tuanze na jina lake. Waayalandi huliandika leipreachán. Katika miswada ya kale lipo kama luchorpán, na kwa muda mrefu wasomi wamelieleza kuwa ni maneno mawili yaliyoungana: lú, yaani kidogo, na corp, mwili. Mwaka 2019 wasomi wa Cambridge na wa Queen's University Belfast wanaotunza kamusi ya Kiayalandi cha kale walitoa rai nyingine, kwamba neno limetokana na Luperci, vijana wa Roma ya kale waliokuwa wakikimbia mitaani katika sikukuu ya Lupercalia, na kwamba liliingia huku kupitia vitabu vya Kilatini. Mwanakijiji naye hakungoja wasomi. Yeye alisikia ndani ya jina hilo maneno leath bhróg, kiatu kimoja cha jozi, kwa kuwa kila aliyesimulia kumwona leprekoni alimkuta ameshika kiatu kimoja tu, anakigonga. Mtoto akiniuliza, mimi humpa maelezo ya mwanakijiji kwanza. Yana picha ndani yake, na picha ndiyo anayoondoka nayo.

Sasa watoto, paukwa!

(Pakawa!)

Hadithi hii ina zaidi ya miaka elfu moja tangu iandikwe, na ndiyo ya zamani zaidi yenye viumbe hawa. Hapo kale palikuwa na mfalme wa Ulster, kaskazini mwa kisiwa hiki, jina lake Fergus mac Léti. Siku moja alipitiwa na usingizi ufukweni. Wakatoka watu wadogo wadogo wa majini, wakamnyang'anya upanga wake polepole, wakambeba kumpeleka baharini. Miguu yake ilipogusa maji ya baridi, akazinduka! Akawakamata watatu kwa mpigo, mmoja mkono wa kulia, mmoja mkono wa kushoto, wa tatu akambana kifuani. Akawaambia, hamniponyoki mpaka mnipe ninachotaka. Na alichotaka ni uwezo wa kwenda chini ya maji, ya bahari, ya ziwa, ya bwawa, bila kudhurika. Wakampa majani ya kutia masikioni, na sharti moja: popote nenda, ila Loch Rudraige iliyo katika nchi yako mwenyewe, usiiingie. Mnadhani alilishika sharti?

(Hapanaaa!)

Hakulishika. Aliingia, akakutana na dude la baharini, na hofu ikampinda uso. Mfalme mwenye dosari usoni hakuruhusiwa kutawala, lakini watu wake walimpenda, wakaondoa vioo vyote mbele yake asijue. Miaka saba mfalme anatawala hajui sura yake. Alipokuja kujua alirudi kulekule majini, akapigana na lile dude akaliua, naye akafa. Kuna sehemu ya katikati nimeiruka, ni ya wakubwa. Wazazi mtaisoma wenyewe.

Tazameni jambo moja. Katika hadithi hii hakuna viatu, hakuna dhahabu wala upinde wa mvua. Yapo maji, usingizi, na mikono inayovuta. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimkumbuka bibi yangu, Tanga, alivyokuwa akitukataza kuogelea peke yetu penye maji mengi: "Mtavutwa na chunusi." Sisemi kwamba chunusi wa pwani yetu na luchorpán wa Ulster ni ndugu, bahari ni mbili na watu ni wawili. Nasema mtoto wako akimsikia Fergus, na siku hiyohiyo akasikia habari za chunusi kutoka kwako, atakuwa na hadithi mbili mkononi, na ataona zinaongea. Hapo nimejibu nusu ya swali la "nimruhusu?"

Nusu ya pili niiseme wazi, maana tupo hapa Waislamu na Wakristo. Leprekoni haabudiwi. Hatolewi sadaka, haombwi dua. Wala hana uhusiano wa asili na Mtakatifu Patrick. Patrick alikuwa mtu wa kweli wa karne ya tano, alizaliwa Uingereza iliyokuwa chini ya Roma, akatekwa akiwa na miaka 16 na kuletwa huku kuchunga mifugo kama mtumwa, akatoroka, akarudi baadaye kuhubiri. Habari hizo aliziandika mwenyewe. Hakumtaja leprekoni hata mara moja. Wawili hao walikutanishwa na sherehe za Waayalandi waliohamia Marekani, na wafanyabiashara wa kadi na kofia. Kwa hiyo mzazi anayetaka mwanawe asishiriki ibada za tarehe 17 anaweza bado kumsimulia leprekoni, na anayekwenda kanisani asubuhi anaweza kucheza na wanawe jioni. Ni kweli wazee wa vijijini humu waliwaogopa viumbe wasioonekana, wakawaita kwa heshima "watu wema" ili wasiwaudhi. Hilo nalo mtoto aambiwe. Kila nyumba itaamua mpaka wake.

Karne zikapita, na yule mtu wa majini akapanda nchi kavu, akawa fundi viatu. Waandishi wa karne ya 19 waliozunguka vijijini wanamkuta tayari yuko hivyo: mzee mfupi, mpweke, amekaa chini ya kichaka, ana nyundo na kiatu kimoja. Viumbe wengine wa huku huenda kwa makundi, wanacheza ngoma usiku kucha mpaka soli zinaisha. Yeye huishi kivyake, anawashonea, ndiyo maana ana pesa. Na nguo zake hazikuwa za kijani! Watoto, hili kawaambieni walimu wenu Jumatatu. Samuel Lover, mwaka 1831, alimweleza amevaa koti jekundu lenye darizi ya dhahabu. Kijani kilikuja baadaye sana. Ukimchora leprekoni mwekundu hujakosea. Umemchora wa zamani.

Mali yake inasimuliwa kwa namna mbili. Mara ni chungu cha dhahabu alichokifukia, mara ni mkoba mdogo wa ngozi wenye shilingi moja, Waayalandi huuita sparán na scillinge. Ukiitoa shilingi ile ukanunua kitu, ukiutazama mkoba, shilingi imerudi. Nasi tuliotoka nchi za shilingi tunaielewa hadithi hiyo mara moja.

Na anakamatwaje? Husikika kabla ya kuonekana. Ti, ti, ti, nyundo juu ya soli. Unanyata mpaka umkamate, kisha kuna sharti moja tu: usibandue macho yako. Ukipepesa, ukigeuka, ametoweka. Yeye naye kazi yake ni kukugeuza. Atakwambia nyuki wanakuja nyuma yako, atakwambia ng'ombe wameingia shambani. Nguvu zake zote ziko mdomoni.

Niwape sasa ile ninayoipenda kuliko zote. Kijana mmoja, Tom Fitzpatrick, alimkamata leprekoni siku ya mavuno, akamkazia macho kweli kweli, hakudanganyika. Wakaenda, wakaenda, mpaka kwenye shamba kubwa lililojaa gugu moja lenye maua ya njano, huku wanaliita buachalán. Leprekoni akaonyesha shina moja: "Chimba chini ya hili." Tom hakuwa na jembe. Akavua utepe wake mwekundu wa kufungia soksi, akaufunga kwenye lile shina. Lakini alikuwa kijana mwerevu, akasema: "Apa kwamba hutaugusa utepe wangu." Leprekoni akaapa. "Basi," akasema kwa adabu, "huna haja nami tena?" "Sina, nenda salama." Tom akakimbia nyumbani kuchukua jembe, akarudi anahema. Mnajua alikuta nini?

(Utepe haupo!)

Upo! Leprekoni aliapa hataugusa, na hakuugusa. Utepe upo palepale. Ila kila gugu katika shamba lile, shina kwa shina, mpaka upeo wa macho, limefungwa utepe mwekundu sawasawa na ule.

Mimi nimefundisha watoto miaka mingi na sijui hadithi inayofundisha kusikiliza maneno kama hii. Leprekoni hasemi uongo. Kiapo chake anakitimiza neno kwa neno, na ndani ya kutimiza huko ndimo anamopenya. Sungura wetu mjanja husema uongo bila haya, na tunampenda kwa hilo. Huyu ana ujanja wa namna nyingine, ujanja wa mtu aliyesoma mkataba mpaka mstari wa mwisho. Mtoto wa miaka saba akiielewa hadithi hii huanza kuuliza, "Mama, umesema baadaye. Baadaye saa ngapi?" Mkiulizwa hivyo msikasirike.

Na nisiisahau dhahabu ya kweli, kwa kuwa nchi hii inayo. Nendeni na watoto makumbusho ya taifa, Kildare Street, hakuna kiingilio. Ulizeni hazina ya Broighter. Iliinuliwa na wakulima waliokuwa wakilima mwaka 1896, kaskazini, kaunti ya Derry. Ndani yake kuna jahazi dogo la dhahabu, urefu wake haufiki hata rula ya shule, lina makasia yake na viti vya wapiga makasia, umri wake ni kama miaka elfu mbili. Binti yangu alisimama mbele ya kioo kile dakika kumi. Akaniambia, "Hawa ndio waliomchukua Fergus." Palepale pia kuna kola ya dhahabu ya Gleninsheen, iliyopatikana mwaka 1932 katika ufa wa mwamba kule kaunti ya Clare, na aliyeiona alikuwa kijana anayewinda. Mtu aliyeishi kati ya mashamba ambamo jembe hugonga dhahabu, angeachaje kuamini kwamba kuna mwenye kuilinda?

Mashambani huko kuna pia maelfu kwa maelfu ya maboma ya duara ya udongo, makazi ya wakulima wa zamani, ambayo watu huyaita ngome za viumbe hawa, na wakulima wengi hawakuthubutu kuyalima. Heshima hiyo haijafa. Mwaka 1999 barabara kuu ilipokuwa ikijengwa Latoon, kaunti ya Clare, msimulizi Eddie Lenihan alisimama kuutetea mti mmoja wa miiba ulioaminika kuwa mahali pa kukutania viumbe hao. Mti ukaachwa. Barabara ipo na mti upo. Mkipita huko na gari, waonyesheni watoto.

Sasa niingie kwenye michezo, maana naona miguu imeanza kuchezacheza.

Mtego wa boksi ni wa watoto wa Marekani zaidi kuliko wa mababu wa hapa, lakini siukatai. Boksi la viatu, gundi, kijiti cha kuinulia kifuniko, uzi. Ninachoomba ni chambo. Watoto wengi huweka sarafu za chokoleti. Leprekoni anazo sarafu, atazifuata za nini? Yeye ni fundi. Wekeni kiatu kilichoharibika, na barua fupi ya mtoto: "Mzee fundi, soli ya kiatu changu cha kushoto imefumuka." Usiku, baba au mama, chukua kiatu kile ukakishone, au kama hujui kushona kipigeni kiwi mpaka king'ae, kisha kisogeze kidogo kile kijiti cha mtego ionekane mtu ameponyoka. Asubuhi mtoto atakuta mtego mtupu na kiatu kizima. Nimeona nyumba zinazomwaga rangi ya kijani kwenye maziwa au chooni ili kuonyesha leprekoni amepita. Maziwa ya kijani watoto hawanywi, yanamwagwa. Kiatu kilichoshonwa kinavaliwa mwaka mzima.

Mchezo wa pili hauhitaji hata karatasi. Mtoto mmoja awe leprekoni, mmoja awe mkamataji, wakae wametazamana. Mkamataji asibandue macho. Leprekoni haruhusiwi kumgusa wala kupiga kelele, ana maneno tu. "Mjomba ameingia." "Keki inaungua." "Kuna buibui begani kwako." Akigeuka, leprekoni ameshinda na wanabadilishana. Kwangu tumeucheza kwa Kiswahili, na niwaambie, mtoto ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha "ndiyo" na "hapana" alianza kutunga uongo mtamu wa sentensi nzima. Alitaka kushinda, na hakukuwa na njia nyingine.

Wa tatu ni wa masikio. Mfiche mtoto mmoja ndani ya nyumba, mpe vijiko viwili, agonge ti, ti, ti, anyamaze, agonge tena. Wengine wamezimiwa taa au wamefungwa vitambaa machoni, wanamtafuta kwa sauti. Ondoeni meza zenye pembe kali kwanza.

Wa nne ninautoa Portland, Oregon, huko Marekani, nao una kisa. Mwandishi wa gazeti, Dick Fagan, alikuwa anatazama kutoka dirisha la ofisi yake shimo katikati ya barabara, lililochimbwa kwa ajili ya nguzo ya taa ambayo haikuwahi kuja. Akapanda maua. Akaandika gazetini kwamba alimkuta leprekoni anachimba pale, akamkamata, akapewa haki ya ombi moja, akaomba bustani yake mwenyewe. Hakutaja ukubwa! Leprekoni akampa lilelile shimo, duara lenye upana wa futi mbili. Lilizinduliwa kama bustani tarehe 17 Machi 1948, likawa bustani rasmi ya jiji mwaka 1976, na tangu 1971 lilihesabiwa kuwa bustani ndogo kuliko zote duniani mpaka mwaka 2025 bustani nyingine ndogo zaidi huko Japani ilipolipokonya nafasi. Basi mchezo ni huu: mtoto anataja ombi, wengine ni leprekoni, wanalitimiza vibaya bila kuvunja neno hata moja. "Nataka farasi." Haya, mchore farasi kwenye karatasi mpe. "Nataka farasi wa kweli anayekimbia." Ndiyo huyo, anakimbia, yuko Mongolia. Mtoto anarekebisha ombi, anarekebisha tena, mpaka hakuna tundu. Hakuna zoezi la sarufi linalomfanya mtoto apime maneno yake namna hiyo.

Na mkiupenda mchezo huo, chukueni sufuria ya zamani au beseni, jazeni udongo, pandeni giligilani au mnanaa, wekeni mlango wa kijiti na njia ya kokoto. Hiyo ndiyo bustani ya leprekoni ya nyumba yenu, nayo ina faida ya kachumbari.

Upinde wa mvua nitausema kwa haraka. Machi ya Dublin ina mvua na jua kwa wakati mmoja, mtauona. Mwambieni mtoto auelekee, jua likiwa mgongoni, kisha aukimbilie. Utahama naye. Kila mtu huona upinde wake mwenyewe, kwa sababu mwanga unarudi kutoka kwenye matone kwa pembe ya nyuzi kama 42 na jicho la anayetazama. Ukisogea, matone yanayokurudishia mwanga yanakuwa mengine. Ndiyo maana mwisho wake haufikiki. Leprekoni aliyechagua kuficha chungu mahali pale alijua anachofanya.

Jikoni kuna mkate wa hapa usiohitaji hamira: unga, chumvi, soda ya kuokea na maziwa ya mgando. Mtoto hata wa miaka minne anaweza kuuchanganya, tena usikandwe sana. Kabla ya kuuingiza kwenye oveni hukatwa alama ya msalaba juu, na wazee wa hapa huwaambia watoto kwamba ni mlango wa kuwatoa wale viumbe wadogo. Mpishi atakwambia ni ili joto liingie katikati. Waislamu wanaweza kukata mistari mitatu. Mkate utaiva vilevile.

Kuhusu kufinyana: ni desturi iliyotoka Marekani, haimo katika hadithi yoyote niliyowasimulia, na mtoto ana haki ya kusema, "Usiniguse." Wazazi, mwambieni mwalimu mapema, kwa upole, kabla ya siku yenyewe. Wengi wataelewa. Tena mjue kwamba Waayalandi wenyewe wamewahi kuumizwa na sura ya leprekoni. Katika katuni, katika matangazo, yule mzee alitumika kuwachora wao kama watu wa kuchekwa. Mwaka 1963 John A. Costello, aliyewahi kuwa waziri mkuu, alilalamika bungeni kwamba matangazo ya utalii yaliwahi kushuka mpaka kwenye kofia chakavu, rungu na leprekoni. Nasi tunajua uchungu wa kuchorwa na wengine. Kwa hiyo mtoto wetu akivaa ndevu za bandia na kuigiza lafudhi ya majirani zake, mvueni taratibu, mwelezeni. Hadithi yao aisimulie vizuri. Hiyo haina anayeumia.

Nimebakiza jambo ambalo kwangu ndilo lililonifanya nikubali kuja leo. Kati ya mwaka 1937 na 1939 tume ya hadithi za jadi ya nchi hii, iliyokuwa imeundwa mwaka 1935, ilifanya kitu cha ajabu pamoja na walimu wa shule za msingi. Iliwapa watoto madaftari. Watoto kama 50,000, kutoka shule kama 5,000, wakaambiwa: nendeni kwa babu, kwa bibi, kwa jirani mzee, muulizeni, andikeni anavyosema. Dawa za mitishamba, vitendawili, hali ya hewa, hazina zilizofichwa, ngome za viumbe, leprekoni. Walikuwa watoto wa umri huu wa kwenu mliokaa nyuma ya mkeka, miaka kumi na moja, kumi na miwili. Waliandika kwa kalamu ya wino, wengine kwa Kiingereza, wengine kwa Kiayalandi, na jina la mzee aliyesimulia lipo chini ya ukurasa. Mkusanyiko huo unatunzwa chuo kikuu cha University College Dublin, na kurasa zake zimewekwa kwenye mtandao uitwao dúchas, mnaweza kuzisoma bure leo jioni. Nimesoma nyingi. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu leprekoni wa vijijini, ti, ti, ti ya nyundo, nyuki wa uongo, utepe shambani, kimo katika mwandiko wa watoto.

Ndiyo maana kwenye meza ile pale mnaona madaftari. Ni moja kwa kila mtoto. Ukurasa wa kulia ni wa leprekoni: muulize mwalimu, jirani, dereva wa basi, mama wa rafiki yako, aliambiwa nini na bibi yake. Waayalandi wakiulizwa na mtoto hawamnyimi hadithi, nimeshuhudia. Ukurasa wa kushoto ni wa simu. Mpigieni bibi Mombasa, Mwanza, Bukavu, Bujumbura, popote alipo, muulizeni: chunusi ni nani? Zimwi alikuwa anakaa wapi? Nani alikusimulia, na ulikuwa na umri gani? Andikeni anavyosema yeye, kwa maneno yake, hata kama ni ya Kimvita au Kingwana na mama anasema sivyo inavyosemwa shuleni. Andikeni jina lake chini. Wazazi, muwashikie simu, msijibu kwa niaba ya bibi. Baada ya mwezi mmoja tutakutana tena hapa na madaftari yetu, kila mtoto atasoma kurasa mbili, kulia na kushoto.

Maswali ya wazazi nitayapokea tukinywa chai. Kwanza, watoto, kuna kiatu kimoja kimefichwa ndani ya ukumbi huu, chekundu, kidogo kama kidole gumba, na mwenye kukigonga yuko hapo kilipo. Mzee wangu pale karibu na swichi, nisaidie taa. Simu ziwekwe kimya. Msisukumane.

Nyamazeni. Mmesikia?